Uliza Kocha: Uzuri wa uwanja wa gofu una ushahidi?

*Shikamoo Kocha. Mimi na shemeji yangu tunacheza gofu pamoja mwaka wa sita sasa, na kila tukimaliza mashimo 18 ubishi ni ule ule. Yeye anasema hakuna uwanja bora kuliko mwingine: wewe unapenda huu, mimi napenda ule, basi. Mimi nasema uwanja mbovu ni mbovu hata kama sote wawili tunaupenda. Ananiambia, "Nionyeshe kipimo." Sina. Je, kipo?*
— Msomaji aliyekosa jibu

Marahaba. Vipimo vipo, na tuanze navyo shemeji asije akasema nimevikimbia.

Kasi ya grini, yaani ile nyasi fupi inayozunguka tundu, tunaipima kwa stimpmita. Ni kipande cha chuma chepesi chenye mfereji katikati, urefu wake kama sentimita 91. Unaweka mpira mahali pake, unainua ncha moja polepole mpaka mpira uteremke wenyewe, kisha unapima umekwenda futi ngapi. Futi 8 ni grini ya taratibu. Futi 12 ni kasi ya mashindano makubwa. Aliyeibuni ni Edward Stimpson, baada ya mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 1935 pale Oakmont, ambako aliona grini zina kasi kupita kiasi. Watu wengi wangeishia kulalamika. Yeye alikuwa na "kupita kiasi" mdomoni, akaenda kutafuta kiasi chenyewe. Namheshimu sana kwa hilo.

Kuna pia slopu, namba inayoanzia 55 na kuishia 155, uwanja wa wastani ukihesabiwa 113. Hiyo inaonyesha uwanja unamtaabisha mchezaji wa kawaida kwa kiasi gani zaidi ya unavyomtaabisha fundi.

Sasa mwulize shemeji namba hizo zinapima nini. Zinapima kasi na ugumu. Mimi nikitaka slopu ya uwanja wowote ipande, nitapanda miti pande zote mbili za kila shimo, nichimbe bwawa mbele ya kila grini, na kazi imekwisha. Namba itapanda, lakini hakuna atakayetamani kurudi. Kwa hiyo shemeji yuko sahihi kwamba kipimo cha namba cha uzuri hakipo. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba kisichokuwa na namba hakina ushahidi.

Nilibeba mikoba ya wachezaji miaka minane kabla sijamiliki fimbo hata moja. Katika uwanja ule, shimo la 6 lilikuwa na banka dogo, yaani dimbwi la mchanga la kutega mpira, katikati kabisa ya njia, pale pale mkwaju mzuri wa kwanza unapotua. Lilichukiwa na kila mtu. Nami nilipoanza kucheza nilisema ni kosa la mchoraji: unamwadhibuje mtu aliyepiga katikati? Lakini nilikuwa nikimbebea mama mmoja mtu mzima, asiye na nguvu ya kupiga mbali, na yeye hakuwahi kulilaumu. Kila siku alipiga kulia kwake, kwenye ukanda mwembamba kati ya banka na mtaro. Siku moja niliupima kwa miguu: hatua 14. Ukisimama pale, grini yote iko wazi mbele yako kama mlango. Wenzake waliokimbilia kushoto, kwenye nafasi tele, walilazimika kupiga mkwaju wa pili kuvuka tuta lililousukuma mpira nje ya grini kila mara. Banka lile halikuwa adhabu. Lilikuwa swali: unataka wepesi sasa au baadaye?

Miaka ikapita, kamati ikalifukia kwa sababu ya malalamiko. Nilisikitika, na bado nasikitika. Leo wote wanapiga katikati, hawafikirii kitu, na sijamsikia mtu akilizungumzia shimo la 6 tena.

Huo ndio ushahidi wangu, na shemeji anaweza kwenda na miguu yake akaukagua. Je, mahali mkwaju wa kwanza unapotua panabadilisha mkwaju wa pili? Anayethubutu anapata faida, na mwoga anabaki na njia? Upepo ukigeuka, shimo linauliza swali jipya au lile lile? Haya hayajibiwi kwa kusema "mimi napenda." Yanajibiwa kwa kusimama mahali mbili tofauti na kutazama.

Chukua shimo la 17 la uwanja wa kale wa St Andrews kule Scotland. Kulia ni mpaka wa nje na majengo ya hoteli, na mkwaju wa kwanza hupita juu ya kona ya majengo hayo. Ukithubutu kukaribia kulia, grini inakupokea kwa urefu wake. Ukikimbilia kushoto, kati yako na bendera kuna banka lenye kina, na nyuma ya grini kuna barabara, ambayo ni sehemu ya mchezo. Mwaka 1978 Tommy Nakajima wa Japani alifika kwenye grini hiyo kwa mikwaju miwili tu, akausukuma mpira ukaporomokea bankani, akaondoka na mikwaju 9. Mtu anaweza kulichukia shimo hilo, sina neno naye. Lakini kwamba kila upande una bei yake, hilo si suala la kupenda.

Na kuna jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Bobby Jones, mchezaji bingwa wa Marekani, alifika St Andrews mara ya kwanza mwaka 1921, kijana wa miaka 19. Katika raundi ya tatu alipiga mikwaju 46 kwenye mashimo tisa ya kwanza, akanasa bankani kwenye shimo la 11, akaacha mashindano. Aliuchukia uwanja ule. Mwaka 1927 akarudi akashinda pale pale, 1930 akashinda tena, na mwaka 1958 mji ukampa heshima ya uraia, naye akazungumza juu ya mahali pale kama mtu anayezungumzia nyumbani. Najua shemeji atadakia: "Umeona? Ladha yake ilibadilika!" Hapana. Ladha ya chumvi haihitaji miaka ya kujifunza. Jones alijifunza kuona. Yako mabanka 112 pale, na mengi huyaoni unaposimama kuanza, kwa kuwa zamani uwanja ulichezwa kwa mzunguko wa kinyume. Ukishajua yalipo na sababu ya kuwa pale, uwanja uleule unasomeka upya kwako. Kama kuna cha kujifunza ndani yake, basi kitu hicho kimo uwanjani, hakimo kichwani mwa mtu.

Yapo ambayo namwachia shemeji bila ubishi. Bahari au msitu, upepo au utulivu, achague mwenyewe. Nikipewa viwanja maarufu viwili, Pine Valley na Royal Melbourne, niseme upi wa kwanza, siwezi, na simwamini sana anayeweza. Ila kushindwa kupanga wa kwanza na wa pili hakufuti tofauti kati yao na uwanja uliochorwa kwa haraka, mashimo yote 18 yakitaka mkwaju uleule. Mandhari nayo uyatazame kwa tahadhari. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: nimecheza viwanja vyenye maua na maporomoko ya maji, na jioni nikashindwa kukumbuka shimo hata moja.

*Kocha, habari za kazi. Hendikapu yangu, yaani mikwaju ya nyongeza ninayopewa, ni 28. Nikisema shimo fulani limechorwa vibaya, wenzangu wananiambia mchezaji dhaifu hana sifa ya kuhukumu uwanja. Ni kweli?*
— Dada wa tii za mbele

Nzuri, dada yangu. Si kweli, na neno hilo limeniudhi kwa niaba yako.

Alister MacKenzie, daktari aliyeacha tiba akachora Cypress Point, na pamoja na Bobby Jones akachora Augusta National, aliandika kanuni zake 13 mwaka 1920. Moja yasema uwanja upangwe hivi kwamba hata anayeanza aufurahie, ingawa mikwaju yake ni mingi. Sasa nani atathibitisha kama kanuni hiyo imetimizwa? Si yule apigaye mita 260. Yeye hajui banka la mita 120 lipo kwa ajili gani, maana anapita juu yake. Kwa hilo wewe ndiye shahidi.

Ila shahidi hueleza alichokiona. Usiishie kwenye "ni gumu." Sema: "Nikipiga mkwaju wangu mzuri kabisa, hakuna mahali pa kutua." Hiyo ni hoja, na anayebisha itabidi aje kuonyesha mahali hapo.

Mfano ninaojadiliana nao miaka yote ni shimo la 17 la TPC Sawgrass kule Florida: yadi 137, grini imezungukwa na maji. Mchanga mzuri ulikuwa eneo hilo, ukachimbwa kutumika kwingine mpaka likabaki shimo kubwa, na Alice Dye akampa mumewe Pete, mchoraji wa uwanja huo, wazo la kulijaza maji. Alice huyo huyo aliwapigania sana wachezaji wasiopiga mbali wapate sehemu zao za kuanzia, yaani tii za mbele. Kwa fainali ya wataalamu, shimo hilo ni jukwaa la ajabu, na sijawahi kulitazama bila moyo kwenda mbio. Kwa mchezaji wa hendikapu 28 halina njia ya pembeni: ni grini au maji. Kwa kanuni ya MacKenzie limeanguka, na nitalisema hilo mbele ya yeyote.

*Kocha, kwa ubora wa mchezaji je? Si kadi ya mikwaju imeshahukumu?*
— Mwanafunzi

Kadi inasema umepiga mingapi. Haisemi uliipotezea wapi. Profesa Mark Broadie wa chuo kikuu cha Columbia alitengeneza hesabu inayolinganisha kila mkwaju na wastani wa wenzako kutoka umbali ule ule, na ligi ya PGA, ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, ikaanza kuitumia mwaka 2011 kwa mikwaju ya kwenye grini. Hapo hukumu ni safi kuliko ya viwanja. Hata hivyo ukiuliza nani bora wa wakati wote, utakuta Jack Nicklaus ana mataji makubwa 18 na Tiger Woods 15, na Woods huyo ana ushindi 82 kwenye ligi ya PGA. Hesabu zote ni sahihi, na ubishi uko pale pale, kwa sababu hamjakubaliana mnahesabu nini.

Kwako wewe ni rahisi zaidi. Raundi kumi zijazo, andika pembeni mwa kila shimo mkwaju wa pili uliupigia kutoka upande gani wa njia, kisha nitumie kadi hizo.