Usisubiri Toleo Jipya la Kifaa cha Kusomea Vitabu

Rafiki zangu hapa Kisumu wanaponiuliza kama wasubiri Kindle au Kobo mpya, yaani vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, ndipo wanunue, huwa nawaambia wasisubiri. Vifaa hivi havibadiliki kwa kasi ya simu, na anayepata kilichotumika vizuri hakosi mengi.

Kinachochelewesha mabadiliko ni kioo chenyewe. Karibu vyote hutumia kioo cha kampuni ya E Ink ya Taiwan, ambamo chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji husogezwa ndani ya kimiminika kwa nguvu ya umeme, kisha hubaki zilipo hata umeme ukikatika. Ndiyo maana betri hudumu kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana pia ukurasa husitasita kidogo unapobadilika. Kindle ya kwanza ilitoka mwaka 2007 kwa dola 399, toleo lake liitwalo Paperwhite likaja na taa mwaka 2012, na kufikia 2015 lilikuwa na nukta 300 kwa kila inchi, kiwango ambacho matoleo ya sasa bado yanakitumia. Rangi zilizoingia katika Kobo na Kindle mwaka 2024 huonekana kwa nukta 150 tu, tena kichujio cha rangi kinachowekwa juu ya kioo hufifisha weupe wa ukurasa. Msomaji wa riwaya sioni atafaidi nini.

Mabadiliko ninayoyalipia kwa moyo mkunjufu ni ya Paperwhite ya 2021: taa inayogeuzwa kuwa ya manjano, ambayo haiumizi macho usiku stima inapopotea, na tundu la kuchajia la USB-C kama la simu nyingi za sasa, kwa kuwa nyumbani kwetu waya mmoja huzunguka kwa kila mtu.

Ukinunua kilichotumika, washa taa mahali penye giza utafute madoa, fungua kurasa nyingi mfululizo uone kama kuna mstari usiofutika, na umwombe muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako. Kagua pembe pia. Kioo cha ndani huweza kupasuka ilhali uso wa nje hauna hata mkwaruzo, nusu ya ukurasa ikabaki na michirizi, na mafundi wa simu niliowauliza mjini hawana kioo cha kubadilisha. Kwa hiyo, katika pesa utakazookoa, tenga za kifuniko kigumu, hasa kama begi lako hubanwa kwenye matatu kila asubuhi.