Majibu ya Fundi: Ndege kuukuu na hewa ya chumvi

Tangu nigusie hapa habari za ndege ndogo za injini moja, simu yangu haipumziki. Nimechagua maswali saba. Mengine yote yalikuwa ya bei, na bei mimi siitaji hadharani.

Asalaam aleikum Fundi. Kuna Cessna 172 ya 1974 inauzwa bara, bei yake haifiki ya gari jipya. Wenzangu wananicheka, wanasema nanunua kaburi. Umri huo si mkubwa mno? (Kiembesamaki)

Waaleikum salaam. Waache wacheke. Cessna 172 zilianza kutoka kiwandani 1956 na mpaka leo zimeundwa zaidi ya 44,000. Kiwanda kilisita 1986, kikarudi baada ya miaka kama 10, kwa hiyo nyingi unazoziona angani ni rika la hiyo yako au ni kubwa zake. Mimi siulizi imezaliwa lini. Nauliza imelala wapi, na imelala siku ngapi bila kuruka.

Ndege iliyokaa Dodoma miaka 40 ni kitu chengine kabisa na iliyokaa miaka 5 karibu na pwani. Hapa Kisauni, Unguja, kusi ikivuma, pitisha kidole juu ya bawa asubuhi kisha kilambe, utaijua chumvi. Mwenye dau Nungwi haliachi bila kulipaka deheni, lakini Cessna nyingi za zamani zilitoka kiwandani ndani ya mabawa mna alumini tupu. Rangi ya kinga ilikuwa nyongeza ya kulipia, na wanunuzi wengi hawakuilipia.

Basi nenda na tochi na kioo kidogo. Fungua vifuniko vya ukaguzi chini ya mabawa, utazame kwenye ribiti kama pana unga mweupe. Tazama rangi: ikiwa imeinuka kwa vijistari vyembamba kama njia za minyoo, alumini inaliwa chini yake. Pitisha kitambaa kwenye nyaya za usukani. Kikinasa, uzi umeshakatika. Halafu piga magoti uangalie reli za viti. Matundu yake yakilika, kiti hurudi nyuma ndege inaponyanyuka, na rubani hurudi nacho huku kashikilia usukani. Watu wameshakufa kwa kosa hilo dogo.

Mimi nilipokuwa kijana nilidanganywa na rangi. Ndege iling'ara kama sahani ya harusi. Tulipoikwangua, nusu ya ukingo wa bawa ulikuwa unga. Mpaka leo, ndege inayouzwa ikiwa imepakwa rangi juzi, ndiyo ninayoishuku kwanza.

Madaftari yake ya matengenezo uyasome mwenyewe, usisomewe. Injini yenye saa 1,200 tangu ifunguliwe kwa matengenezo makubwa, iliyoruka kila wiki, naitaka kuliko yenye saa 90 zilizotawanywa kwenye miaka 15.

Shikamoo Fundi. Kaka yangu yuko Omani miezi mitatu, kaniachia ndege yake niiwashe kila Ijumaa dakika kumi ili isife. Zinatosha? (Mwanakwerekwe)

Marahaba. Zinatosha kuiua.

Petroli ikiungua hutoa maji, na sehemu ya maji hayo huingia kwenye oili. Injini ikiruka muda wa kutosha, joto huyafukuza. Ukiiwasha chini dakika kumi, unatengeneza maji bila kuyafukuza, kila Ijumaa unaongeza mengine. Tena injini nyingi za ndege hizi ni Lycoming, ambazo kamshafti yake, mhimili unaofungua vali, iko juu ya krankshafti, mhimili unaozungusha rafadha. Baada ya siku kadhaa oili huchuruzika yote ikabaki chuma kitupu, kutu ikaingia. Vitundu vidogo tu, lakini siku ikiruka kweli vinaanza kusaga, na vumbi la chuma linazunguka injini nzima.

Lycoming wenyewe wanataka injini iruke saa moja mfululizo, oili ikiwa baina ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi, na isipite siku 30. Kwa unyevu wetu huu mimi nasema kila wiki. Kama hapana wa kuirusha, muombe kaka akubali itiwe oili ya kuhifadhia na plagi za kunyonya unyevu, kisha iachwe kabisa. Na rafadha usiizungushe kwa mkono eti "kuipasha". Waya wa magineto (inayozipa plagi cheche) ukiwa umekatika, injini inaweza kushika hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Nilikuwa nashuka Pemba, nje nyuzi 29, injini ikaanza kupoteza nguvu polepole kisha kutetema. Mwenzangu akasema ni barafu. Barafu Pemba? (Wete)

Barafu Pemba, ndiyo. Mtungi wa maji hutoa jasho na maji yake yakawa baridi hata katikati ya Januari. Kabureta, inapochanganyika petroli na hewa, ndivyo ilivyo, ila imezidi. Petroli inapogeuka mvuke, na hewa inapopita pembamba, joto la mle ndani linaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi. Unyevu wa pwani hugandia hapo hapo. Hatari kubwa ni wakati wa kushuka, umepunguza nguvu na mlango wa hewa umebana.

Dawa ni kuvuta joto la kabureta (mkono unaoiletea hewa ya moto), na ulivute lote, usilivute nusu. Sasa sikiliza, maana hapa wengi huogopa: ukilivuta, injini itakohoa zaidi kwanza, kwa sababu inameza maji ya barafu iliyoyeyuka. Usilirudishe. Ngoja, mizunguko itapanda. Injini za Continental za 172 za kabla ya 1968 zina ugonjwa huu kuliko Lycoming, ambazo kabureta yao imefungwa chini ya karai la oili na hupata joto kidogo.

Injini moja, bahari yote ile. Huogopi? (Mkoani)

Naogopa, ndiyo maana napanda juu. Kutoka Ras Nungwi mpaka ncha ya kusini ya Pemba ni karibu kilomita 50. Cessna 172 ikizimika injini huteleza kama kilomita 2.8 kwa kila futi 1,000. Ukivuka kwa futi 2,500 ili wageni wapige picha za matumbawe, una kilomita 7 tu kila upande. Kilomita 36 za katikati ni za samaki. Ukivuka kwa futi 9,500 una kama 26, na katikati ya mkondo panafikika ukingo wowote, upepo ukitulia.

Upepo hautulii. Kusi ikiwa nyuma yako, katikati ya safari si katikati ya ramani. Kuendelea kunakuwa karibu, kurudi kunakuwa mbali. Piga hesabu hiyo chini, usiipige injini ikiwa kimya.

Jaketi la kuokolea livaliwe mwilini kabla ya kuondoka, lisijazwe upepo mpaka uwe nje ya mlango. Aliyelijaza ndani hunata darini maji yakiingia. Milango ifunguliwe kabla ya kugusa maji, utue sambamba na mawimbi makubwa, na ukiona ngalawa, tua karibu nayo. Magurudumu yasiyokunjwa mara nyingi huipindua ndege kifudifudi. Abiria waambiwe hilo mapema, wasishtukie.

Naweza kutia mafuta ya ndege kubwa, si ndege zote ni ndege? (Fuoni)

La! Yale ni mafuta jamaa ya mafuta ya taa. Yako ni petroli ya ndege, 100LL, rangi ya buluu. Toa kidogo kwenye kikombe cha kioo kila asubuhi: rangi iwe buluu, na maji yakikaa chini endelea kutoa mpaka yaishe. Na kabla hujanunua ndege, uliza hapo utakapoiweka kama petroli hiyo ipo.

Nikibeba watalii wawili watatu kwenda Pemba kwa nauli ndogo, nirudishe gharama? (Mji Mkongwe)

Hapana. Kubeba watu kwa malipo kunataka leseni ya rubani wa biashara na kibali cha mwendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Tafuta wenzako watatu mmiliki pamoja.

Mwanangu anaiosha ndege yake kwa sabuni ya unga na mpira wa maji. Ataiharibu? (mama, Chake Chake)

Bibie, mwambie kuosha ni vyema, na maji ya bomba kila baada ya kuruka juu ya bahari ni vyema zaidi. Sabuni ya unga aache kwa kanga zako. Atumie ya maji, laini. Mpira asiuelekeze kwenye vitundu vya ubavuni wala kwenye kile kijibomba chini ya bawa, ndicho kinachopima mwendo. Nyigu nao hupenda kujenga humo, kwa hiyo akivalishe mfuko wenye utepe mwekundu mrefu. Na asubuhi auvue.