Jibu: Wasifu wa marehemu mke wangu, nani aandike na aandike nini?

Pole sana mkuu, Mungu akutie nguvu wewe na watoto.

Nimesoma ulivyoeleza: mazishi ni keshokutwa, kanisa linataka wasifu wa ukurasa mmoja wa kuchapwa kwenye ratiba, na kaka wa marehemu amepiga simu akisema historia ya dada yake itaandikwa na kwao. Umeuliza umkatalie vipi bila kuvunja undugu. Waliotangulia kukujibu wengi wamesema mume ndiye mwenye mke, asikusumbue. Mimi nasema usimkatalie. Mpe nusu ya ukurasa, tena ile ya mwanzo.

Mimi ni mgane. Marehemu mke wangu alikuwa Mpare wa Same, kule juu milimani Mamba Myamba kwenye tangawizi. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Tulikutana Dar, kila mmoja akiwa ameshakuwa mtu mzima na kazi yake. Kwa hiyo maisha yake yote ya mwanzo mimi sikuwepo. Nilikuwa nayajua kwa kusimuliwa tu, na yule mwanamke hakuwa mtu wa kujisimulia. Ukimuuliza habari za utoto wake alikuwa anakujibu kwa swali: "Kwani wewe umekula?"

Tulipokaa mkekani usiku, mimi, mashemeji na mama mkwe, na kijana mmoja mwenye daftari, ndipo nikasikia mambo. Shemeji yangu, mwalimu wa sekondari, mtu mzima mwenye mvi, akaniuliza, "Shemeji, unajua ada yangu ya kidato cha kwanza ilitoka wapi?" Nikasema kwa mzee, nadhani. Akatikisa kichwa. Baba yao alikuwa ameugua mwaka ule. Dada yake ndiye aliyekuwa anashusha tangawizi kichwani hadi chini barabarani siku za gulio, anauza, anarudi kupanda mlima na chumvi na mafuta ya taa. Yeye mwenyewe alikuwa amemaliza la saba na alikuwa amefaulu. Alibaki nyumbani. Masomo yake aliyamalizia ukubwani, jioni, akiwa tayari ni mke wangu. Mimi niliyekuwa namsubiri kituo cha daladala usiku sikuwahi kujua ni kwa nini alikuwa anasoma kwa hasira vile.

Sasa niambie, hilo ningeliandikaje mimi? Ningeandika "alipata elimu ya msingi, baadaye akajiendeleza kwa njia ya jioni", na watu wangeitikia amina, na dada wa watu angezikwa huku jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya likiwa halijatajwa.

Kuhusu tarehe ya kuzaliwa, jiandae, hapo huwa pana ubishi. Kitambulisho cha taifa cha mke wangu kilisema 1980. Mama mkwe akakataa kabisa: alijifungua siku zile Nyerere anatangaza redioni vita na Idi Amin, na hiyo ni Novemba 1978, haina mjadala. Umri ulipunguzwa alipoanza darasa la kwanza, jambo la kawaida kwa watu wa rika letu. Tulichofanya ni hiki: kwenye wasifu tukafuata neno la mama, kwenye karatasi za serikali tukafuata kitambulisho. Cheti cha kifo, mafao, benki, mirathi, vyote hivyo viende na jina na tarehe zilizomo kwenye nyaraka zake, herufi kwa herufi, vinginevyo utaapa viapo mahakamani hadi uchoke. Na kifo kisajiliwe mapema, sheria inataka ndani ya siku 30. Lakini mama aliyezaa asibishiwe mbele ya jeneza la mwanawe.

Halafu kuna kile kipande cha "aliugua". Hapa nina ukali kidogo, mnisamehe. Misiba yetu mingi siku hizi wasifu umegeuka faili la hospitali: alianza kuumwa tumbo, akapelekwa zahanati, akapewa rufaa, akapimwa hiki, akawekewa kile, hali ikabadilika saa tisa usiku. Nusu ukurasa! Mtu ameishi miaka arobaini na kitu, anakumbukwa kwa wiki zake tatu mbaya. Sisi tuliandika mstari mmoja tu, kwamba aliugua na akafariki tarehe fulani. Najua unaweza kuwa na dukuduku na namna alivyohudumiwa. Hata mimi nilikuwa nalo. Lina mahali pake, na si kwenye ratiba ya mazishi.

Penye "ameacha mume na watoto" ndipo pa kuangalia kwa makini zaidi, kuliko hata ile tarehe. Kama marehemu alikuwa na mtoto kabla ya ndoa yenu, atajwe, kwa jina, tena kwa mpangilio wa kuzaliwa. Awe wa kwanza kama ndiye wa kwanza. Nimeona msiba ambapo binti mkubwa wa marehemu alirukwa, mchungaji akasoma "ameacha watoto wawili", na yule wa tatu amesimama pale pale na kitenge cha sare. Alilia kilio cha namna nyingine kabisa. Na wapo watu wanarekodi kwa simu. Kikao cha ukoo kikikaa kuzungumzia mirathi, maneno hayo yatarudi. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali nao wasisahauliwe. Kazi hii wanaiweza wenyewe kwao, wewe mume utakosea tu, maana ukoo wa mwenzio huwezi kuumaliza hata ukiishi nao miaka thelathini.

Kwenye nusu yako wewe, andika aliyokuwa anayafanya. Sifa achana nazo. "Alikuwa mpole, mkarimu, mcha Mungu" huandikwa kwa kila marehemu, hata kwa yule tuliyekuwa tunamkwepa mtaani. Mke wangu alikuwa Msabato, mimi Mkatoliki. Ijumaa mchana lazima nyumba iwe imefagiliwa, nguo zimenyooshwa na sufuria la makande limeiva kabla jua halijazama. Baada ya hapo hakuna biashara wala jiko kubwa mpaka Jumamosi jioni. Jumapili ananiamsha mimi niende misa nisichelewe. Niliandika hivyo hivyo, na makande nikayataja. Kanisani watu walicheka kidogo, maana kila jirani alikuwa amewahi kuyala. Niliandika pia kwamba hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, hata dawa. Wapare wanataniwa kwa ubahili na kesi, na yeye alikuwa anajivunia vyote viwili.

Na kama mna watani, waachieni nafasi, mwambie MC mapema. Sisi Wanyamwezi watani wetu ni Wazaramo, na Mbagala walikuwa wamejaa. Mama mmoja jirani alivaa kanga ya marehemu, akaweka mkono kiunoni kama alivyokuwa anaweka yeye, akaanza kuwapangia bei waliobeba jeneza: "Mnambeba kwa shilingi ngapi? Ghali hiyo! Punguzeni, vinginevyo anashuka anatembea mwenyewe." Mwingine akaziba njia hadi alipwe. Wakwe zangu walishtuka mwanzoni, kwao utani wa msibani haufanyiki namna ile, ikabidi mzee mmoja wa upande wetu awaeleze. Lakini mwanangu wa mwisho, aliyekuwa hajasema neno tangu mama yake afariki, alicheka. Ule mkono kiunoni ulikuwa ni mama yake kabisa. Hakuna wasifu ungeweza kuuandika.

Mambo madogo madogo ya kumalizia. Usisome wewe. Hata kama una moyo mgumu, sauti itakugeuka katikati. Kwetu shemeji alisoma nusu ya kwanza hadi pale alipoolewa, na binti yangu mkubwa akapokea kuanzia hapo. Isizidi dakika tano, wachungaji wana saa zao. Kabla ya kupeleka steshenari, mtu mmoja wa kwao na mmoja wa kwako wapitie majina yote, maana kosa la herufi likishachapwa nakala mia tatu halirudi nyuma.

Picha waachie dada zake wachague. Wewe utachukua ile ya pasipoti kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na wao watakuwa na moja ya harusi ya mtu huko, amevaa kilemba, anacheka na meno yote nje.

Basi mpigie shemeji yako leo leo, kabla hajapanda basi, mwambie aje na mama kama mama anaweza kusafiri, na aje na cheti cha ubatizo cha marehemu kama kipo. Akifika, mpe daftari aanze yeye. Ukikwama kwenye mpangilio wa vipengele nitumie ujumbe, ratiba yetu bado ninayo.