Ukitaka kuusoma uchaguzi wa Nigeria, anza na robo

Msomaji mmoja ameniandikia: Rais wa Nigeria, Bola Tinubu, ni Mwislamu, na mgombea mwenza wake Kashim Shettima naye Mwislamu, ile nusu ya Wakristo ilikubalije mwaka 2023? Swali zuri, ila limeanzia mwisho. Kabla hujashika dini, shika hesabu.

Katiba ya Nigeria ya 1999 inamdai mshindi wa urais vitu viwili: kura nyingi kuliko wenzake, na angalau robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo 36, yaani majimbo 24. Mkenya ataitambua haraka, maana kwake pia ni robo ya kura katika kaunti 24. Tofauti ni kwamba Kenya inadai pia zaidi ya nusu ya kura zote. Nigeria haidai. Ndiyo maana Tinubu aliapishwa akiwa na kura 8,794,726, kama asilimia 37 tu, mbele ya wapinzani wake Atiku Abubakar, Mwislamu wa kaskazini, na Peter Obi, Mkristo wa kusini.

Basi chora jedwali. Yapange majimbo kwa kanda sita: Kaskazini-Magharibi 7, Kusini-Mashariki 5, na kanda nyingine nne majimbo 6 kila moja. Abuja, mji mkuu ambao si jimbo, iwekee mstari wake. Safu ya kwanza: nani aliongoza. Safu ya pili: nani alivuka robo. Wengi hujaza ya kwanza wakaweka kalamu chini, na hapo ndipo wanapopotea. Mwaka 2023 Tinubu na Atiku waliongoza majimbo 12 kila mmoja, Obi 11 pamoja na Abuja, na Rabiu Kwankwaso akachukua Kano. Ukiishia hapo utadhani ni sare. Safu ya pili inakuonyesha kwamba Tinubu peke yake ndiye aliyevuka 24.

Sasa njoo kwenye dini. Tinubu ni Myoruba wa kusini. Angemchukua Mkristo wa kaskazini awe mgombea mwenza, angehatarisha robo zake katika Kaskazini-Magharibi na Kaskazini-Mashariki, kwenye kura nyingi za Waislamu. Gharama ya kumchukua Mwislamu mwenzake ilionekana ukanda wa kati: Plateau, Nasarawa na Abuja zilikwenda kwa Obi. Lakini Benue, jimbo la Wakristo wengi, Tinubu aliongoza kwa kama kura elfu mbili, huku mgombea ugavana wa chama chake akiwa padri Mkatoliki, Hyacinth Alia. Sisemi padri ndiye aliyembeba. Nasema usiandike "Wakristo walikataa" kabla hujatazama karatasi za matokeo ya Benue.

Na hiyo "nusu" uliyoitaja, ifute. Sensa ya 2006 haikuuliza dini wala kabila, kwa hiyo kila asilimia unayoletewa ni makadirio. Futa pia "kaskazini Waislamu, kusini Wakristo". Kwa Wayoruba, nyumba moja hula Idi na Krismasi. Mke wa Tinubu mwenyewe, Oluremi, ni mchungaji. Yakubu Gowon, aliyetawala 1966 hadi 1975, ni Mkristo wa kaskazini. Na mwaka 1993 mgombea urais Moshood Abiola na mgombea mwenza wake Babagana Kingibe, Waislamu wote wawili, waliongoza hata Kano, nyumbani kwa mpinzani wao Bashir Tofa, kabla jeshi halijafuta uchaguzi ule.

Kuna safu ya tatu ambayo waandishi wetu huiruka, nayo ndiyo inayomgusa mtu wa kawaida: cheti cha uenyeji. Hutolewa na halmashauri, na Nigeria ina halmashauri 774. Hakiangalii ulizaliwa wapi, kinaangalia asili ya ukoo wako. Baba yako anaweza kuwa amezaliwa Jos, mji mkuu wa jimbo la Plateau, nawe umezaliwa Jos, lakini ukoo ukihesabiwa ni wa Kano, dirishani utaambiwa wewe ni mkazi, si mwenyeji. Bila karatasi hiyo, nafasi ya chuo cha jimbo na kazi ya serikali huwa ngumu. Hata baraza la mawaziri limefungwa hapo: katiba inataka kila jimbo litoe angalau waziri mmoja, naye awe mwenyeji wa jimbo hilo.

Halmashauri ya Jos Kaskazini iliundwa 1991, na ugomvi wa nani aishike, wanaohesabiwa wenyeji au wanaoitwa wakazi, haujapoa tangu hapo. Ghasia za Novemba 2008 zilizuka kwenye uchaguzi wake. Misikiti na makanisa yalichomwa, magazeti yakaandika vita vya dini. Kwenye jedwali lako la uchaguzi wa 2027, pembeni ya Plateau, andika kwanza: nani anagonga mhuri wa cheti?