Arma 3: Je, Thamani Yake Inalingana na Bei?

Nilipoununua mchezo wa kompyuta wa Arma 3 nilikuwa nimezoea michezo ya vita ambayo mtu hupigwa risasi, akafa, na baada ya sekunde chache yuko tena mbioni. Jioni ya kwanza nilitembea zaidi ya dakika 20 katika nyasi kavu za Altis, kisiwa ambacho kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki ilikichora kwa kufuata kisiwa halisi cha Lemnos huko Ugiriki, kisha risasi moja ambayo sikuona ilikotoka ikanimaliza. Nusura niurudishe.

Nashukuru sikuurudisha, kwa kuwa kile kinachowachosha wengi ndicho hasa unachokilipia. Mzigo mzito humfanya askari aheme juu juu na bunduki imcheze mikononi. Risasi nayo hushuka kadiri inavyokwenda mbali, hivyo adui aliye umbali wa mita 400 hukulazimu ukadirie umbali, urekebishe darubini, ubane pumzi, ndipo ufyatue.

Kabla ya kulipa, itazame kompyuta yako. Mchezo huu huielemea prosesa (ubongo wa kompyuta) kuliko kadi ya picha, hasa askari wanaoongozwa na kompyuta wanapokuwa wengi. Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza saa 2, kwa hiyo saa ya kwanza itumie kupanga vikosi viwili vikubwa katika kihariri cha mchezo (sehemu ya kujitungia mapigano) na kuona kama picha zinakwamakwama.

Kisha tafuta watu. Mimi niliupenda kweli nilipojiunga na kikosi kinachocheza kila Jumamosi usiku, chenye kamanda na tabibu wake. Seva zetu, yaani kompyuta zinazotuunganisha tunapocheza, ziko Ulaya na mtandao huchelewa kidogo, lakini mapigano haya ya mbali na ya taratibu huvumilia hali hiyo.

Kwa mchezo uliotoka mwaka 2013, sioni sababu ya kulipa bei kamili, kwani Steam huipunguza mara kwa mara, na nyongeza nyingi zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe ni za bure. Nyongeza moja tu ya kulipia niliinunua bila kusubiri punguzo: Laws of War ya mwaka 2017, ambamo unaingia katika kijiji cha Oreokastro baada ya vita, ukiwa mtegua mabomu, ukipiga hatua mojamoja kati ya mabomu yaliyoachwa na askari wa pande zote.