Ukifundisha wachumba Mwanzo, usianzie sura ya 3

Madarasa mengi ya wachumba hapa Nairobi hukwama mahali pamoja. Mwalimu anafungua Mwanzo 3:16, anasoma "naye atakutawala", kisha anajenga ndoa nzima juu ya maneno hayo. Kufikia mstari huo tunda limeshaliwa na Adamu ameshamsingizia mkewe. Nia ya Mungu alipoumba iko sura mbili nyuma.

Tenga saa moja na nusu, na theluthi yake iende kwa Mwanzo 1:26–31 pekee. Waulize: ni amri gani hapa alipewa mwanamume peke yake? Waache watafute. Kuzaa, kuijaza nchi, kuitiisha na kutawala, yote waliambiwa wawili kwa pamoja. Tena wanaotawaliwa wametajwa: samaki, ndege, wanyama. Mtu hayumo. Akibisha mmoja, mpeleke Mwanzo 5:2, ambapo wote wawili wanaitwa Adamu.

Sura ya 2 ndiyo yenye maswali, na mjadala huganda kwenye "msaidizi", neno analoitwa mwanamke. Jibu kwa Zaburi 121, ambapo msaada unatoka kwa Bwana mwenyewe, halafu songa mbele. Kaa zaidi kwenye 2:24: anayeambiwa aache baba na mama ni mwanamume. Hapo wachumba wazungumzie mambo yao halisi: nani ataamua kuhusu pesa za kutuma nyumbani, mama mkwe akija atakaa muda gani, mahari iliyobaki italipwa vipi. Usiwaharakishe.

Mtu ataleta 1 Timotheo 2:13, kwamba Adamu aliumbwa kwanza. Usimdharau, makanisa hayakubaliani kuhusu andiko hilo. Waanglikana na PCEA (Wapresbiteri) huku kwetu huwawekea wanawake mikono kuwa wachungaji, Wakatoliki hawawapi upadre. Lakini kutangulia peke yake hakuthibitishi ukubwa, maana katika sura ya 1 wanyama wametangulia mtu. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1988 kuhusu hadhi ya mwanamke, aliandika kwamba kule kutawaliwa kwa 3:16 ni tunda la dhambi. Kwa hiyo hata anayekataa wanawake madhabahuni hana ruhusa ya kumtawala mkewe sebuleni.

Sasa ndipo msome sura ya 3, yote. Mistari michache tu baada ya 3:16, ardhi inaambiwa itazaa miiba. Hakuna mkulima wa Kiambu anayeacha magugu shambani kwa kuwa yametajwa katika Maandiko. Anayepalilia magugu na kuuacha ubabe ukue anachagua mistari.

Waefeso 5 ianzie mstari wa 21, "hali mnanyenyekeana". Wanaoanzia 22, "Enyi wake, watiini waume zenu", wanakata sentensi, na wengi huishia 24, kabla Paulo hajawageukia waume na kuwadai wajitoe kama Kristo alivyojitoa.

Kazi ya nyumbani: kila mchumba aandike peke yake, bila kushauriana, nani atapika, nani atalipa kodi ya nyumba, jina la nani litakuwa kwenye hati ya ploti, kisha walinganishe. Hapa waeleze pia kwamba sheria ya Kenya ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango katika mali hiyo. Wanaume wengi hushtuka.

Jambo la mwisho ni la tahadhari. Binti akikudokezea kwamba mchumba wake humpiga, usiwapatanishe mbele ya kikundi, wala usimwombee kisha umrudishe naye kwenye matatu moja. Zungumza naye faraghani pamoja na mama mmoja wa kanisa anayemwamini, mpe namba 1195 ya msaada kwa wanaodhulumiwa kijinsia, ambayo hupigwa bure, na usimamishe matangazo ya ndoa hiyo.