Kabla hujafunga rizavesheni ya seva AWS, angalia grafu ya usiku

Rizavesheni ni kuiahidi AWS, yaani huduma ya Amazon ya kukodisha seva, kwamba utalipia seva kwa mwaka 1 au miaka 3 ili upate bei ya chini. Watu wengi wakiona punguzo la mpaka asilimia 72 wanataka kufunga (kuahidi hivyo) seva zote miaka 3 hapo hapo. Tulia kwanza. Hiyo 72 ni kiwango cha juu kabisa, huwa ni kwa miaka 3 na hela yote unalipa mbele, sasa kwa ofisi inayoingiza shilingi na kulipa dola huo ni mzigo mkubwa sana. Mi nashauri mwaka 1, hata bila kutanguliza chochote, punguzo linakuwa dogo lakini unapumua.

Cha kufunga ni kile kisichozimwa. Kuna mfumo wa malipo nilikuwa nausimamia, tarehe za mishahara seva zinaongezeka hatari, ila ukifungua grafu ya mwezi mzima ukaangalia saa tisa usiku unakuta zinazowaka ni zile zile tu, basi hizo ndo tukafungia na zingine tukaziacha kwenye bei ya kawaida. Databesi za RDS (huduma ya databesi ya AWS) zina rizavesheni yake, ya EC2 (seva za kawaida) haizifuniki.

Halafu hapa watu wanachanganya sana: rizavesheni ya kanda nzima (eneo zima lenye vituo vya data vya AWS) inakupa bei, haikuhakikishii nafasi ya kuwasha seva. Siku mashine za aina hiyo zikiisha unakosa kama wengine. Ukitaka nafasi ya uhakika chukua ya zoni moja (sehemu ndogo ndani ya kanda), au rizavesheni ya nafasi yenyewe, ambayo unalipia hata kama hujawasha kitu. Uzuri wa ile ya kanda, kwa Linux ya kawaida, seva moja ya ukubwa wa m5.xlarge inafunika m5.large mbili, ila ukihamia m6i, ambayo ni familia nyingine ya seva, haikusaidii tena.

Na usijipe moyo kwamba utaiuza ukiichoka, soko la AWS la kuuziana rizavesheni linataka akaunti ya benki ya Marekani, wengi wetu hatuna. Kama timu inaelekea Fargate au Lambda (huduma za AWS za kuendesha programu bila kusimamia seva) bora Savings Plans ya Compute, mpango mwingine wa punguzo, iko tangu 2019, unaahidi dola kwa saa na inakufuata huko huko.

Tarehe ya kuisha iwekeni kwenye kalenda ya timu nzima jamani, maana haijirudii yenyewe, seva zinaendelea kuwaka vizuri tu ila bei inarudi ya kawaida. Ile ya kanda unaweza hata kuipanga mapema ijinunue siku ya zamani inapoisha.